Mjane wa Saa Mbili

Uvira, 20 Aprili 1995

Mama Assia, mke wangu,

Kaa chini kwanza. Kama mama yangu yuko karibu, ingia mahali ufunge mlango, ndipo usome. Mimi ni Faruk, mume wako, na niko hai. Mwandiko unaujua, ni uleule uliokuwa ukiucheka kwamba kuku amekanyaga wino.

Niko kwa Musafiri, yule niliyejifunza naye kazi ya breki. Wale watu wenye bunduki walipoingia garajini kwetu na kuwachukua mafundi wenzangu, Anouar na Arnaud, mimi niliwahi kujificha. Giza lilipoingia nikapita Kajaga kandokando ya ziwa hadi mpakani, nikavukia Zaire. Usiniulize zaidi ya hapo. Nilikuwa natafuta mtu wa kukuletea neno, mara likatokea jambo.

Nilikuwa dukani kwa Birindwa, muuza vipuri, ambaye ana televisheni inayokamata Bujumbura. Taarifa ya saa mbili ikaanza, na nikakuona wewe. Uso wako umejaa kioo kizima, mdomo wazi, unalia, na chini pameandikwa: Mjane, Buyenzi. Mtangazaji akasema mume wako ameuawa. Watu dukani wakasema, "Masikini, mama wa watu." Nami nimekaa katikati yao na soda mkononi, nikikuona unalia juu ya mafuta machafu ya garaji bila hata viatu miguuni, na sikuweza kusema huyo ni wangu.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Aliyekufa hatafutwi. Wale watu walikuja na majina, na la kwangu nililisikia likiitwa. Basi endelea kuwa mjane kwa muda, mpaka mambo yatulie. Mama usimwambie, unamjua mwenyewe kwamba kinywa chake hakina mlango. Hapa naitwa Akilimali. Barua umpe Caritas, yule mchuuzi anayevusha ndagala, dagaa wa ziwani, yeye anajua kunyamaza.

Mume wako,
Faruk


Buyenzi, 28 Aprili 1995

Baba Assia,

Alhamdulillahi. Nimeiandika mwanzo kabisa isije ikapotea katikati ya hasira. Barua yako niliisoma nimejifungia chooni, na nilicheka mpaka mama mkwe akagonga mlango, akidhani msiba umenipanda kichwani. Kisha nikakasirika, na bado nimekasirika.

Niko edani, kama hukujua. Sheikh alikataa. Alisema mume aliyepotea husubiriwa, na mke wake hakai eda mpaka ipatikane habari ya kweli. Mama yako akamjibu mbele ya wazee: "Sheikh, unataka habari gani tena? Televizyo imesema mujane. Wale watu iko na motokari na kamera, wanaweza kusema mutu amekufa na hawajaona maiti?" Wazee wakamuunga mkono. Basi khitma imesomwa, nguo zako zimegawiwa, na mimi natazama kuta, Assia mapajani.

Mama yake Anouar ananiletea wali kila Ijumaa. Mke wa Arnaud ananiletea maharage, na yeye ni Mkristo, anasubiri mlangoni na viatu mkononi mpaka nimkaribishe. Hao watu wao tumewazika kweli. Wananishika mkono na kunipa pole, nami nakula chakula cha msiba wa mtu anayekunywa soda Uvira.

Na kile kilio nikueleze. Watu wa kamera walipokuja garajini, mimi niliongea. Nilisimama nikasema mambo yangu kwa utaratibu, jina langu, jina lako, na swali langu kwa aliyekuchukua. Walikuwa wawili, kijana wa kamera na dada mmoja anaitwa Léocadie, aliyeshika kipaza sauti. Nilipomaliza yule kijana akaniambia: "Mama, uliliaga muzuri sana wakati unaingia, lakini kamera ilikuwa haijawaka. Unaweza kulia tena? Kidogo tu." Nilidhani ndiyo bei yake, kwamba nikiwapa kilio watalionyesha na swali. Basi nikalia. Nililia kwa kuagizwa, Baba Assia, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani. Maneno wakayatupa, wakabaki na kilio. Marehemu baba yangu alitufundisha kwamba maiti hapigiwi kelele, na sasa mji mzima unanitazama nikipiga kelele juu ya mtu ambaye hata si maiti.

Mwambie mama yako. Mimi siwezi tena kumtazama machoni.

Saliha


Uvira, 2 Juni 1995

Mama Assia,

Mama hapana. Akijua leo, kesho watajua sokoni, na keshokutwa watajua wenye bunduki. Machozi ya mama ndiyo yanayoufanya uongo huu uaminike. Najua ni neno baya. Vumilia.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Caritas. Ile picha yako hawajaiacha. Wakishambuliwa watu Cibitoke, wanakuonyesha wewe. Kukiwa na wakimbizi mlimani, wewe tena. Dukani kwa Birindwa wamekuzoea, wamekupa na jina, wanakuita Mama Kilio. Juzi ulipotokea Birindwa akasema, "Tazama, Mama Kilio ameanza kazi," na dukani wote wakacheka. Mmoja akanitazama mimi, akishangaa kwa nini Akilimali hacheki. Nikacheka.

Sijui nikuambie nini baada ya hapo. Nilicheka kwa sauti, ili asinitazame tena.

Faruk


Bujumbura, 3 Julai 1995

Kwa Mama Saliha, Buyenzi

Salaam na heshima. Mimi ni Léocadie, wa studio ya Lac-Images inayouza picha za habari kwa televisheni. Tulikutana garajini mwezi wa tatu. Ningekuja na kamera sasa hivi, lakini nimeambiwa uko edani na wageni wanaume hawaingii, na wenye kamera kwetu wote ni wanaume.

Mwezi wa tisa wanawake wa dunia nzima watakutana Beijing, na studio inatengeneza filamu fupi juu ya mwanamke wa Burundi. Uso wako unajulikana kuliko wa mwanamke yeyote katika picha zetu. Tungependa kuja siku utakayovua nguo za eda. Ukijisikia kulia siku hiyo, hatutakusumbua.

Natumaini jibu lako.
Léocadie


Buyenzi, 7 Julai 1995

Dada Léocadie,

Barua imefika. Unasema uso wangu unajulikana. Na jina langu je? Hilo umelipata kwa kuuliza barabarani, maana kwenye televisheni halijaonekana hata siku moja.

Tangu niingie edani natazama taarifa kila jioni pamoja na mama mkwe. Sina pengine pa kwenda, kwa hiyo nimekuwa mtazamaji mzuri. Mwanaume akitokea amekaa, ana meza mbele yake, ana jina na cheo, na mnamwacha amalize sentensi hata kama haina kichwa wala miguu. Mwanamke akitokea yuko kando ya barabara na mkono kichwani. Chini yake mnaandika mkimbizi, au mjane, au hamuandiki kitu. Akifungua mdomo, inayosikika ni sauti ya mwanaume wa studio anayetueleza jinsi mama huyo anavyoumia. Mlimwonyesha mama mmoja wa Ruziba na kapu lake la samaki. Alikuwa anaongea kwa nguvu na kuonyesha ziwani kwa kidole. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo, sikusikia neno lake hata moja. Mpaka leo najiuliza alikuwa anaonyesha nini.

Nina maswali mawili. Nani alikwambia mimi ni mjane? Na yale niliyosema yako wapi?

Saliha binti Hamimu


Bujumbura, 15 Julai 1995

Mama Saliha,

Hakuna aliyeniambia.

Nilikusikia vizuri siku ile, Kiswahili nimekua nacho Bwiza. Nilirudi studio nikapanga maneno yako mbele na kilio nyuma. Bwana Herménégilde, mkubwa wetu, akatazama mara moja, akasema: "Mwanamke analia, mwanaume anaeleza. Ndivyo habari inavyotembea." Nikauliza chini tuandike nini. Akasema niandike kitu ambacho mtu anakielewa haraka, kwa sababu mke wa mtu asiyejulikana alipo ni swali, na taarifa haina nafasi ya maswali. Basi nikaandika mjane. Niliandika mimi, kwa mkono huu. Nilijiambia kwamba siku zile waliochukuliwa hawarudi, kwa hiyo nimetangulia ukweli kidogo tu. Niko mwanamke peke yangu pale ndani, na nilitaka kubaki.

Maneno yako hayapo tena. Kaseti ni chache, tunarekodi juu ya zile za zamani. Kilio kimehifadhiwa kwa sababu kinatumika mara kwa mara.

Nina aibu kubwa, Mama Saliha. Hata mama yangu mzazi aliniuliza kama yule mjane ninamfahamu, nikamwambia hapana. Ukikubali kuja mbele ya kamera, utaongea, na maneno yako yatatoka hata kama nitafukuzwa.

Léocadie


Buyenzi, 22 Julai 1995

Baba Assia,

Nakuandikia taratibu ili nisikose neno.

Watu wa studio wanataka nitokee tena, safari hii niongee. Nikaona ni vizuri, nitarudia yaleyale niliyosema garajini. Nikakaa kitandani kuyatafuta, sikuyapata. Najua nilisema vizuri. Lakini nimeoneshwa nikilia mara nyingi mno, mpaka kile kilio kimeyafunika hata ndani ya kichwa changu. Kaseti yao wameifuta. Nikajiuliza, nani mwingine alinisikia? Majirani walizuiwa getini.

Ndipo nikaisoma upya barua yako ya kwanza. Unasema uliniona kwa Birindwa nikilia juu ya mafuta machafu, bila viatu. Picha ile nimeitazama kuliko ninavyotazama kioo, na inaishia kidevuni. Mafuta hayamo wala miguu haimo. Aliyeiona miguu yangu siku ile ni mtu aliyekuwa chini yake. Ulikuwa shimoni, Baba Assia, lile shimo la kutengenezea magari, chini ya pikapu.

Kwamba hukutoka wakati wenye bunduki wapo, namshukuru Mungu. Lakini hao walikwisha ondoka. Tulibaki mimi, dada mmoja na kijana wa kamera. Niliita jina lako. Ulinisikia nikiombwa nilie mara ya pili, ukaniacha nikalia.

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia miguuni kwangu. Lakini msamaha tutauzungumza siku nyingine. Leo nataka maneno yangu. Wewe ndiye kaseti iliyobaki. Niandikie nilichosema.

Saliha


Uvira, 30 Julai 1995

Saliha,

Ni kweli. Nilikuwa shimoni. Niliona miguu yako, na kisigino cha kushoto kilikuwa kinatoka damu. Nilijiambia huenda wale watu wameacha mmoja wao nje. Nilijiambia kamera itaonyesha uso wangu na wataujua. Hayo yote ni kweli, na bado najua kwamba nilibaki chini kwa sababu miguu ilikataa. Baadaye niliona haya kukuambia, na kila wiki iliyopita ikaongeza haya juu ya haya.

Uliloomba nimelijaribu jioni nyingi. Nakaa na karatasi. Nakumbuka ulisema "mume wangu ni fundi wa breki, hakuna gari lililotoka mikononi mwake likaua mtu." Hilo nimelishika kwa sababu lilinihusu mimi. Mengine yote nilikuwa nayasikia, nilikuwa karibu kuliko kipaza sauti, na hayapo. Nikifumba macho ninachokisikia ni kilio, kile cha pili.

Wale wa studio walikitupa ulichosema. Mimi sikukitupa, lakini sina cha kukurudishia.

Faruk


Buyenzi, 8 Agosti 1995

Baba Assia,

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevaa kitenge cha kijani, nimerudi kwenye cherehani.

Mama yako nimemwambia. Sikukuomba ruhusa. Akauliza tu, "Anakula?" Nikamwambia unakula. Akaenda kuswali, na tangu siku ile hajasema neno kwa mtu. Kinywa ulichosema hakina mlango kina mlango na komeo, na wewe umemliza miezi yote hii.

Léocadie atakuja na kamera wiki ijayo. Nitasema mimi si mjane. Uliko sitapataja. Lakini wenye akili watajua kwamba unaishi, kwa hiyo kama unaona Uvira ni karibu mno, ondoka mapema, nenda hata Bukavu. Nimekupa nafasi ambayo mimi sikupewa. Jina lako nimelificha vya kutosha. Langu nalihitaji.

Wanasema picha itatoka kwenye taarifa ya Ijumaa, tarehe ishirini na tano, saa mbili. Ukiwa bado upo, kaa mbele. Na usicheke.

Saliha


Uvira, 26 Agosti 1995

Saliha,

Sikuondoka. Nilikaa mbele.

Safari hii nilikuja na karatasi, boksi la pedi za breki nililolichana, na kalamu ya Birindwa. Nimeandika palepale ulipokuwa unasema, nikakimbizana na wewe, ili yasinipotee tena. Nakurudishia kama yalivyotoka:

"Naitwa Saliha binti Hamimu. Niko fundi wa kushona, Buyenzi. Mi si mujane. Mulisema mi ni mujane na hakuna mutu aliniuliza. Waliochukuliwa garajini wakauawa ni Anouar na Arnaud, na majina yao hamukusema, na mama wa Anouar hamukumuonyesha, kwa sababu yeye hakulia mbele yenu. Siku ile nililia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili muliniomba. Hiyo ya pili mi naomba muache kuionyesha."

Chini waliandika jina lako lote, na fundi cherehani. Ulikaa kwenye kiti. Hakuna mwanaume aliyekusemea.

Ikaja habari nyingine. Kisha Birindwa akasema, "Leo Mama Kilio hajalia," na mwingine akasema, "Kama yeye si mujane, bwana yake iko wapi? Mwanaume gani huyo?" Nikasimama. Nikawaambia ni mimi, na jina langu si Akilimali, ni Faruk. Wakacheka. Wakasema Akilimali amelewa soda. Walicheka mpaka Birindwa akashika tumbo, na mimi nimesimama pale na boksi langu la pedi. Nikajua nilikucheka namna gani.

Nataka kurudi. Caritas anasema mpaka umetulia, na kwamba wale waliokuja garajini hawajaonekana tena upande wa Buyenzi. Naweza kupita Kajaga usiku, niingilie uani kabla majirani hawajaamka. Acha mlango wa nyuma wazi.

Faruk


Buyenzi, 31 Agosti 1995

Baba Assia,

Maneno yangu nimeyapokea. Nimeyasoma mara moja nikayaweka chini ya kitambaa cha cherehani. Léocadie bado yuko kazini, lakini hapewi kamera. Juzi watu wameuawa mlimani, na kwenye taarifa nikaona wametafuta mama mwingine wa kulia. Naye hawakumwandika jina.

Mlango wa nyuma hautakuwa wazi. Kama unaogopa wenye bunduki, usije, nitakuelewa na nitakungoja. Lakini kama unachoogopa ni majirani kukuona, hapo sikuelewi.

Njoo Jumamosi mchana, kwa gari la Gatumba kama watu wengine. Shukia sokoni, upite barabara ya magaraji. Kabla hujafika kwangu utaingia kwa mama yake Anouar, kisha kwa mke wa Arnaud. Hao walinilisha kwa ajili yako, na mwana wa mmoja na mume wa mwingine walichukuliwa juu ya kichwa chako ukisikia. Utawaambia wewe ulikuwa wapi. Mimi sitakutangulia wala sitakusemea. Watataka kukutazama usoni kwa muda mrefu, na wewe usiinamishe uso.

Ukimaliza kwao, njoo nyumbani. Nitakuwa nimesimama mlangoni, nimevaa viatu.

Saliha binti Hamimu